Nyasi Zilipanda Meli, Mbwa Wakalipa Nauli

Wasee, hebu tuanze na swali rahisi. Historia huhifadhiwa wapi? Wengi mtasema kwenye vitabu, kwenye makumbusho, kwenye zile sanamu za katikati ya mji ambazo hakuna mtu husimama kuzisoma. Sawa. Leo naongeza mahali pengine: ndani ya sikio la mbwa.

Najua inasikika kama mzaha, lakini nipe dakika chache. Kila mwaka nyasi zikikauka California, kule Marekani, madaktari wa mifugo huanza kazi ile ile: kuchomoa mbegu za nyasi kwenye masikio, pua, macho na vidole vya mbwa. Nyingi ya mbegu hizo hazina asili ya Amerika kabisa. Zilitoka upande wa Bahari ya Mediterania, zikapanda meli na wakoloni, zikateka nchi nzima bila kufyatua risasi. Mbwa anayetikisa kichwa leo na kulia kwa maumivu anabeba ndani ya sikio lake kipande cha ukoloni wa karne ya 18.

Kwa hivyo hii si story ya wapenda mbwa peke yao. Ni story ya ardhi, ya nani aliichukua, na ya nani analipa bili baadaye.

Tuanze na mbegu yenyewe. Wamarekani huita kundi hili la nyasi mkia wa mbweha, kwa sababu suke lake lina manyoya kama mkia. Maarufu zaidi ni shayiri mwitu, ambayo wanasayansi huiita Hordeum murinum, ndugu wa shayiri ya kawaida tunayoijua. Ikiwa mbichi ni nyasi tu, haina shida. Ikikauka, suke linavunjika vipande vipande. Kila kipande kina ncha kali mbele, na sharubu ndefu nyuma zenye vimiba vidogo sana ambavyo vyote vimeelekea upande mmoja. Hapo ndipo hatari ilipo. Kitu chenye miba ya namna hiyo kinaweza kwenda mbele, lakini kurudi nyuma hakiwezi. Mbwa akitembea, kinasonga. Akipumua, kinasonga. Akitikisa kichwa ili kukitoa, ndiyo anakisukuma ndani zaidi.

Kwa mmea huo ni akili nzuri sana. Mbegu inajishika kwenye manyoya ya mnyama, inasafiri, inaanguka mbali na mama yake, inajichimbia kwenye udongo. Shida ni kwamba mbegu haijui tofauti kati ya udongo na nyama.

Ikiingia kati ya vidole, mguu unavimba na kutoa jipu. Ikiingia sikioni, inaweza kutoboa ngoma ya sikio. Machoni inaweza kukwaruza na kuharibu kabisa. Puani inamfanya mbwa apige chafya mfululizo hadi damu itoke. Na ikivutwa na pumzi hadi ndani, ndiyo balaa zaidi: inaweza kupita kwenye mapafu, ikafuata msuli wa kiwambo unaotenganisha kifua na tumbo, ikaishia karibu na uti wa mgongo sehemu ya kiunoni. Mwili wa mbwa hauwezi kuiyeyusha. Inabeba bakteria njia nzima, na mara nyingi haionekani kwenye eksirei ya kawaida. Mbwa anaweza kuwa na homa na maumivu ya mgongo wiki kadhaa baadaye, na hakuna mtu anakumbuka ile siku alikimbia kwenye nyasi.

Hili si jambo la nadra huko. Mwaka wa 1983, watafiti wa California walichapisha uchunguzi wa visa 182 vya mbegu za nyasi zilizoingia kwenye miili ya mbwa na paka. Sikio ndilo lililoongoza.

Sasa swali la historia: zilifikaje?

Mwaka wa 1769, Wahispania walifika San Diego na kuanzisha misheni ya kwanza kati ya 21 ambazo zingejengwa pwani ya California hadi 1823. Walikuja na mapadri na askari, na pia wakaja na ng'ombe, farasi, kondoo, ngano na shayiri. Hakuna aliyeandika kwenye orodha ya mizigo "magugu, gunia 2." Lakini magugu yalikuwepo. Yalikuwa kwenye manyoya ya kondoo, kwenye majani makavu ya kulisha wanyama safarini, kwenye tumbo la ng'ombe, kwenye gunia la ngano lililopepetwa vibaya.

Tunajuaje? Hapa ndipo napenda hii story zaidi. Misheni zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyochanganywa na majani makavu, kisha yakaanikwa juani. Kwenye miaka ya 1920 na 1930, mtaalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha California anayeitwa George Hendry alichukua matofali hayo ya zamani, akayaloweka kwenye maji hadi yakayeyuka, na akaanza kuokota mbegu na mabua yaliyokuwa yamefungiwa ndani tangu siku tofali lilipotengenezwa. Kwa kuwa mwaka wa ujenzi wa jengo ulijulikana, tofali likawa kama kalenda. Shayiri mwitu ilikuwa miongoni mwa mimea aliyoikuta. Fikiria mjenzi anakanyaga udongo kwa miguu, anatupa nyasi za karibu ili tofali lishike, na bila kujua anaandika ushahidi utakaosomwa zaidi ya miaka 100 baadaye.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Mwaka wa 1998, watafiti wawili, Mensing na Byrne, walichapisha kazi kuhusu chavua iliyozikwa kwenye matope ya chini ya bahari karibu na Santa Barbara. Walikuta chavua ya mmea mmoja wa kigeni, Erodium cicutarium, katika tabaka la matope la kabla ya 1769. Yaani gugu lilifika kabla ya misheni. Inaelekea lilitambaa kutoka kusini, upande wa Baja California, ambako Wahispania walikuwa tayari na misheni zao. Na mbegu ya Erodium nayo si mpole: ina mkia uliojisokota kama skrubu, ambao hujikunja na kujikunjua kulingana na unyevu, na hivyo mbegu inajichimbia ardhini yenyewe. Kabla padri hajafika na kengele, gugu lilikuwa limeshaingia.

Lakini usifikirie nyasi hizi zilikuta nchi tupu. Hapo ndipo vitabu vingi hudanganya kwa kunyamaza.

California ilikuwa na wenyewe: Wakumeyaay, Wachumash, Waohlone na mataifa mengine mengi. Walikuwa hawalimi ngano, basi Wahispania wakaona watu "wasiolima." Ukweli ni kwamba walikuwa wanaitunza nchi kwa moto. Walichoma nyasi kwa mpango, kwa misimu, ili mimea waliyoitaka izae vizuri, kisha wakavuna mbegu za nyasi na maua mwitu, wakazikaanga, wakazisaga unga wa chakula. Padri Juan Crespí, aliyesafiri na msafara wa 1769, aliandika katika shajara yake kuhusu nyanda zilizochomwa na wenyeji. Aliona kazi yao kwa macho yake.

Ng'ombe wakaja wakala mimea ile ile ambayo watu walivuna mbegu zake. Halafu mwaka wa 1793, Gavana José Joaquín de Arrillaga akatoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa nyasi. Kwa serikali, moto ulikuwa hatari kwa malisho ya mifugo. Kwa wenyeji, ni kama mtu aje kwenu Kakamega au Meru akuambie kuanzia leo jembe ni haramu. Chakula kimeliwa na ng'ombe, njia ya kukipata imefungwa na sheria, na magonjwa mapya yanaua watu. Wengi walivutwa au kusukumwa hadi ndani ya misheni, wakafanya kazi kwenye mashamba ambayo yaliendelea kueneza magugu.

Hebu niseme wazi. Mahali palipokuwa na mbegu za kulisha watoto, leo pana mbegu za kutoboa ngoma za masikio. Hiyo si bahati mbaya ya maumbile. Ni matokeo ya maamuzi ya watu.

Kilichofuata kilimaliza kazi. Baada ya misheni kuvunjwa kwenye miaka ya 1830, ardhi ikawa ya ranchi kubwa za ng'ombe, na meli zikaja kununua ngozi na mafuta ya wanyama. Januari 1848 dhahabu ikaonekana, watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia, na wote walitaka nyama. Ng'ombe wakaongezeka. Kisha yakaja mafuriko makubwa ya 1861 na 1862, na mara baada yake ukame uliodumu hadi 1864. Ng'ombe wenye njaa walikwangua ardhi hadi ikabaki uchi, kisha wakafa kwa wingi. Mvua iliporudi, nani alikuwa tayari? Nyasi za kigeni za mwaka mmoja, zile zinazoota haraka, kuzaa mbegu nyingi na kufa kabla ya kiangazi. Nyasi za kienyeji, nyingi zikiwa za kudumu na zenye mizizi ya kwenda polepole, hazikuweza kushindana. Leo nyanda za California zimetawaliwa na wageni hao, na ule mlima wa rangi ya dhahabu unaouona kwenye filamu za Hollywood, kwa sehemu kubwa, ni rangi ya nyasi zilizoletwa zikiwa zimekauka. Kila mtu anasifu mandhari. Mbwa ndiye anajua bei yake.

Tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kuna story nyingine ya mbwa na magugu ambayo pengine unaijua nusu tu. Mwaka wa 1941, mhandisi wa Uswisi aitwaye George de Mestral alirudi kutoka matembezi milimani na mbwa wake. Suruali yake na manyoya ya mbwa vilikuwa vimejaa vitufe vya mmea wa Arctium, vile vinavyong'ang'ania. Akaviweka chini ya hadubini, akaona ndoano ndogo ndogo. Baada ya miaka mingi ya majaribio, mwaka wa 1955 akapata hataza, na dunia ikapata Velcro, ile ya kwenye viatu vya watoto na mabegi ya shule.

Hiyo story husimuliwa kwenye kila semina ya ujasiriamali. "Angalia mazingira yako, utapata wazo." Safi. Lakini hakuna anayeuliza mbwa alirudi akiwa katika hali gani. Mmea ule ule una vinywele laini vinavyoweza kukwama chini ya kope la mbwa na kukwaruza jicho, na mbwa akijaribu kujisafisha kwa mdomo, vinachoma ulimi na ufizi hadi vidonda. Mtu aliona ndoano akapata utajiri. Mbwa aliona ndoano kwanza, akapata kazi ya kujilamba. Historia huandikwa na mwenye hadubini, si ndiyo?

Sasa najua kuna msee hapo anasema: "Bana, hayo ni ya California na Uswisi. Sisi Nairobi tuko sawa." Hapana, hatuko sawa.

Ukitembea kwenye ploti yoyote isiyojengwa huku kwetu, Ruai, Kitengela, Ngong, popote, toka uangalie suruali yako. Zile mbegu nyembamba nyeusi zenye meno mawili au matatu mwishoni ni za Bidens pilosa. Wengine huiita kishona nguo, wengine kichoma mguu, na nyumbani kwa Wakikuyu ni mũcege. Watu huilisha sungura na mbuzi, na wengine huichemsha kama mboga. Imezoeleka kiasi kwamba ukimwambia mtu ni mgeni anakataa. Lakini asili yake ni Amerika ya joto. Ilivuka bahari kuja kwetu, kama vile ya Mediterania ilivyovuka kwenda kwao. Meno yake yana vimiba vinavyoelekea nyuma. Haina nguvu ya kutoboa kama mkia wa mbweha, lakini kwenye jicho au ndani ya sikio la mbwa haihitaji kuwa bingwa ili ilete shida.

Na sisi pia tumewapelekea watu magugu. Nyasi ya Kikuyu, iliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kubeba jina la watu wa hapa, ilichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 ikapelekwa Afrika Kusini, Australia na hata California. Sehemu zingine inapendwa kama zulia la uwanjani, zingine inalaaniwa kwa sababu haikubali kufa. Kwa hivyo tusikae hapa tukijiona wahanga peke yetu. Nyasi hazina pasipoti. Watu ndio huzibebea mizigo.

Tena niwe mkweli: si kila nyasi hatari ni ya kigeni. Huku kwenye savana zetu kuna nyasi ya mkuki, Heteropogon contortus, mwenyeji kabisa. Mbegu yake ina ncha kama sindano na mkia unaojisokota ukipata unyevu, unaisukuma mbegu ndani kama mtu anakaza skrubu. Hata Amerika Kaskazini kuna aina ya mkia wa mbweha ambayo ni ya kienyeji. Kwa hivyo hoja yangu si "wageni wabaya, wenyeji wazuri." Hoja yangu ni hii: tukiharibu ardhi, tukaikwangua, tukaiacha tupu, mimea inayoshinda ni ile yenye silaha. Ng'ombe wengi kupita kiasi walifanya hivyo California. Sisi tunafanya kwa kununua ploti, kung'oa kila kitu, kuweka ukuta wa mawe, halafu kungoja bei ipande miaka 10. Ploti hiyo haibaki tupu. Inapandwa na upepo.

Na mbwa wa mtaa anapita hapo kila siku. Japanese Spitz wa fleti, yule mweupe ambaye kila mtu mjini anamtaka, ana manyoya marefu yanayokusanya mbegu kama ufagio. Mbwa wa ulinzi anayefunguliwa usiku hana mtu wa kumkagua asubuhi. Akianza kutikisa kichwa, mtu anasema ana kiroboto. Akichechemea, anasema amekanyaga msumari. Akinuka sikio, anaogeshwa. Siku zinapita, mbegu inasonga.

Kuna wale watakaosema, "Ni mbwa tu, kuna watu wana njaa." Nimewasikia. Lakini angalia tena story ya California: mbwa na mtu hawakuwa na maadui tofauti. Mabadiliko yaliyoleta mbegu inayotoboa mbwa ndiyo yaliyoondoa mbegu iliyolisha mtu. Ukitaka kujua ardhi iko na afya gani, angalia kinachotoka kwenye manyoya ya mnyama anayeikanyaga. Ripoti hiyo ni ya bure, na haijahongwa.

Basi, kama una mbwa, fanya hivi. Mkitoka kutembea, iwe Karura au ploti ya jirani, mpe dakika 5. Pitisha vidole kati ya vidole vyake vya miguu, chini na juu. Inua masikio uangalie ndani. Angalia macho, kwapa, na sehemu za siri. Wa manyoya marefu mnyoe nywele za miguuni na kuzunguka masikio nyasi zikianza kukauka. Ukiona mbegu iko juu juu, ing'oe taratibu kwa kufuata ilivyoingia. Ikiwa imezama, au mbwa anapiga chafya bila kukoma, anafumba jicho moja, anainamisha kichwa upande mmoja, au analamba sehemu moja ya mguu kutwa nzima, usichokoe na kijiti wala usingoje wikendi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie wazi kwamba alipita kwenye nyasi kavu. Sentensi hiyo moja inaweza kumsaidia daktari kujua aanzie wapi kutafuta.

Na kama una ploti, fyeka kabla nyasi hazijatoa mbegu. Ukifyeka zikishakauka, unakuwa umezisaidia tu kusambaa. Bora zaidi, panda kitu. Ardhi iliyofunikwa vizuri haimpi gugu nafasi ya kuingia.

Hendry alilazimika kuyeyusha matofali ili asome kilichotokea karne moja na zaidi kabla yake. Yetu bado inaandikwa, na iko hapo nje ya geti. Mwite mbwa wako uisome leo jioni.